Fukusi na Dumuzi: Wadudu Wawili wa Mahindi, Mmoja wa Baridi na Mmoja wa Joto

Katika nyumba nyingi za Kericho na Bomet, majani ya chai huleta fedha, lakini mahindi ndiyo huleta shibe. Mwenye shamba hupeleka majani yake kituoni, hupimiwa, na mwisho wa mwezi hupokea malipo yake. Jioni, hata hivyo, watoto wake hawali majani ya chai, bali hula ugali. Kwa sababu hiyo mwizi wa mahindi ni adui wa kila nyumba, awe mkubwa au mdogo.

Wezi wanaoelezwa hapa ni wadogo sana. Mmoja wao akilala juu ya punje ya mhindi haifuniki hata nusu. Hawavunji mlango wala hawabebi gunia mgongoni. Lakini mtu akiweka magunia kumi ghalani mwezi wa Desemba, wezi hao waweza kumwachia unga mtupu na makapi kabla mahindi mapya hayajakomaa shambani.

Watu wengi huwaita wote kwa jina moja, "wadudu wa mahindi", na huwatibu wote kwa dawa moja. Hilo ndilo kosa. Wadudu hawa ni wa namna mbili, wana asili mbili na tabia mbili, na dawa inayomwua mmoja yaweza kumwacha mwenzake akiwa hai. Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue kuwatambua.

JAMAA YA MBAWAKAWA

Wadudu wote wawili ni wa kundi la mbawakawa. Hilo ndilo kundi kubwa kupita yote katika wanyama wa dunia, maana wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 350,000. Mbawakawa hutambulika kwa alama tatu. Kwanza, kama wadudu wengine, ana miguu sita. Pili, mabawa yake ya mbele si ya kurukia, bali yamekuwa magumu kama ngao, nayo hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyoka. Mabawa ya kurukia yamekunjwa chini ya ngao hizo. Tatu, kinywa chake ni cha kutafuna, wala si cha kufyonza kama cha mbu.

Tena mbawakawa hupita katika hali nne maishani mwake. Huanza kuwa yai, kisha huwa buu mweupe mlafi, halafu pupa asiyekula wala kutembea, na mwisho mdudu kamili mwenye mabawa. Jambo hili ni la maana sana kwa mwenye ghala. Mdudu anayeonekana akitembea juu ya mahindi ni sehemu ndogo tu ya adui. Mayai, mabuu na pupa wamo ndani ya punje, mahali ambapo jicho haliwaoni.

FUKUSI, MKAAJI WA NCHI YENYE UNYEVU

Fukusi ni adui wa siku nyingi, na kila mama anayepepeta mahindi anamjua. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 hivi. Rangi yake ni ya kahawia iliyokoza, karibu na weusi, na juu ya mabawa yake magumu mna madoa manne yenye wekundu hafifu. Alama yake kubwa ni pua. Kichwa chake kimerefuka mbele kama mkonga wa tembo, na mwisho wa mkonga huo ndipo kilipo kinywa.

Mkonga huo si pambo. Fukusi jike akitaka kutaga, huchagua punje nzuri na kuitoboa kwa kinywa chake. Hutaga yai moja tu katika tundu lile, kisha huliziba kwa ute ambao hukauka ukawa kama nta. Mtu akiitazama punje ile ataiona ni nzima. Ndani yake yai huanguliwa, na buu asiye na miguu hula kiini cha punje huku akiwa amejificha, kama mtu anayekula ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Akiisha kukomaa hutoboa njia na kutoka nje, akiacha tundu la mviringo. Fukusi jike mmoja huweza kutaga mayai 150 hivi katika maisha yake, nayo maisha hayo huweza kuwa ya miezi mitano au zaidi.

Fukusi hupenda hewa ya vuguvugu yenye unyevu. Hali imfaayo zaidi ni joto la nyuzi 27 za sentigredi, na hapo yai huwa mdudu kamili kwa muda wa siku 35 hivi. Lakini pia hustahimili baridi. Penye ubaridi hukawia, pengine hata zaidi ya siku 100, ila hafi. Asichoweza kustahimili ni ukavu. Punje ikikauka sana, maji yakapungua chini ya sehemu 10 katika kila 100 za uzito wake, fukusi hawezi kuzaa ndani yake.

Hapo ndipo inapofahamika sababu ya fukusi kustawi katika nchi ya chai. Mji wa Kericho uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoupa mchai majani yake mororo, lakini ndiyo pia inayomzuia mkulima kukausha mahindi. Mahindi ya miinuko huchukua miezi sita hadi minane kukomaa, na mara nyingi huvunwa yangali na maji, mawingu yakiwa yametanda. Fukusi, ambaye huweza kuruka, hayangoji ghalani. Huyafuata shambani, huingia katika mahindi ambayo maganda yake hayakufunika ncha vizuri, na mkulima mwenyewe humbeba hadi nyumbani.

DUMUZI, MGENI WA NCHI YA JOTO NA KUNI

Dumuzi si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati, huko huko ulikotoka mhindi wenyewe. Aliletwa Afrika ya Mashariki bila kujulikana. Katika miaka ya mwisho ya 1970 wakulima wa Tabora, nchini Tanzania, walianza kuona mahindi yao yakigeuka unga ghalani, na mwaka 1981 wataalamu walimtambua mdudu huyo. Mwaka 1983 alionekana Taveta, akawa ameingia Kenya. Baada ya hapo alienea katika sehemu nyingi zinazolima mahindi, na njia yake kubwa ilikuwa gunia la biashara. Wakulima wa Tanzania walimwita Scania, kwa jina la gari kubwa la mizigo. Nchini Kenya wengi walimwita Osama, na jina hilo latosha kuonyesha jinsi alivyowatisha.

Umbo lake ni mbali na la fukusi. Urefu wao hukaribiana, milimita 3 hadi 4 na nusu, lakini dumuzi ni mviringo kama kipande cha kijiti. Hana pua. Kichwa chake kimeinama chini ya kifua, hata mtu akimtazama kwa juu hakioni kabisa. Na nyuma yake mwili umekatika ghafula, kana kwamba fundi alimkata kwa msumeno.

Umbo hilo ni la mdudu atoboaye miti. Dumuzi ni wa jamaa ya wadudu walao kuni, na hata leo huweza kuishi katika pori lisilo na mahindi, akizaa katika matawi makavu ya miti kadhaa. Mwili wa mviringo hupita vizuri katika tundu, na mgongo uliokatika husukuma unga wa mti nje. Akiingia ghalani hutumia ufundi ule ule. Hutoboa mahindi, na akiyakosa hutoboa muhogo mkavu. Huweza pia kutoboa nguzo za ghala, ngozi, sabuni na hata karatasi za plastiki.

Dumuzi jike hatagi yai moja katika kila punje kama fukusi. Huchimba njia, na kando ya njia huchimba vyumba vidogo, na katika chumba kimoja huweza kutaga mayai kama 20, akayafunika kwa unga. Mdudu mzima huchimba kuliko anavyokula, kwa hiyo sehemu kubwa ya mahindi huharibika bila hata kuliwa. Tena dume akipata chakula kizuri hutoa harufu ya kuwaita wenzake, madume na majike, nao huruka kuifuata. Ghala moja likiisha kushikwa, harufu hiyo huwa kama baragumu.

Dumuzi hupenda joto. Katika nyuzi 32 za sentigredi zenye unyevu wa kutosha, yai huwa mdudu kamili kwa siku 27 hivi. Baridi humlegeza, na penye nyuzi 18 kukua kwake huwa polepole sana. Lakini ukavu haumtishi kama unavyomtisha fukusi. Huweza kuzaa hata katika mahindi yenye maji sehemu 9 tu katika 100, mahindi ambayo fukusi angeyakimbia.

HESABU YA MIEZI SITA

Mkulima akitaka kufahamu nguvu za wadudu hawa, na afanye hesabu ya siku. Kutoka Desemba hadi Juni ni miezi sita, yaani siku 180 hivi. Fukusi akiwa katika baridi inayomkawiza siku 100, hatimizi vizazi viwili. Akiwa katika joto limfaalo, la siku 35, hutimiza vizazi vitano. Dumuzi katika joto lake la siku 27 hutimiza vizazi sita na kuanza cha saba, na kila kizazi huwa na majike wengi kuliko kilichotangulia.

Matokeo yake yalionekana Tanzania miaka ile ya kwanza. Katika baadhi ya maghala ya Tabora, mahindi yalipoteza uzito hadi sehemu 34 katika 100 kwa miezi michache tu. Kwa gunia la kilo 90, hiyo ni kilo 30, yaani zaidi ya debe moja na nusu katika kila madebe matano. Si kila ghala lilipata hasara hiyo, lakini mwenye nyumba hawezi kujua kama ni lake litakalofuata.

Tena hasara haiishi katika uzito. Punje iliyotobolewa haifai kuwa mbegu, maana kiini cha kuota kimeliwa, na haina bei sokoni. Punje hizo, zikiwa na unyevu, huota ukungu upesi. Ukungu wa namna moja hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na sehemu nyingine za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Kwa hiyo mahindi yaliyovunda hayafai kupewa mtu wala mnyama, hata kama njaa inabisha hodi.

MAHALI WANAPOKUTANA

Kwa maelezo hayo mtu aweza kudhani kwamba nchi ya chai imepona: fukusi na akae na baridi yake, na dumuzi abaki katika nchi kavu. Lakini mambo sivyo yalivyo, na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza ni nchi yenyewe. Mtu akitoka Kericho, akapita Bomet, akashuka kuelekea Longisa na Sigor, huacha miinuko ya chai nyuma yake na kuingia katika nchi yenye joto na mvua chache, inayopakana na mbuga za Narok. Ni safari ya saa chache kwa gari. Katika safari hiyo fupi hutoka katika nchi imfaayo fukusi na kuingia katika nchi imfaayo dumuzi, na biashara ya mahindi hupita humo kila siku.

Sababu ya pili ni chai. Mwenye shamba dogo aliyepanda michai karibu katika shamba lote hana budi kununua mahindi. Zaidi ya hayo, mwaka 2011 ugonjwa wa kufisha mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza nchini Kenya katika sehemu za Longisa, huko Bomet. Mimea ilikauka ingali shambani, na aliyezoea kuvuna ikambidi naye aende sokoni. Gunia la kununua halina historia. Laweza kuwa limetoka nchi ya joto, likalala katika ghala la mfanyabiashara pamoja na magunia mengine ya kila mahali. Anayelinunua hununua mahindi na wageni waliomo ndani yake.

Kwa hiyo hekima iko katika kulikagua gunia kabla halijakaribia ghala. Na limwagwe juu ya turubai, liangaliwe, lipepetwe. Ikionekana punje zenye matundu ya mviringo, na unga ni kidogo, na wadudu wana mkonga, huyo ni fukusi. Ukionekana unga mwingi kama uliotoka kinuni, na punje zimechimbwa ovyo kila upande, na wadudu hawaonekani vichwa, huyo ni dumuzi. Wakionekana wote wawili, na iwe hivyo pia, maana si ajabu kuwakuta katika gunia moja.

HEKIMA YA WAZEE NA MGENI ASIYEJULIKANA

Wazee wa Kipsigis walikuwa na maarifa yao ya kuhifadhi nafaka. Walijenga ghala lililoinuliwa juu ya nguzo, ambalo kwa lugha yao huitwa choget, ili hewa ipite chini. Mahindi waliyaweka yakiwa katika magunzi, na mara nyingi bila kuyamenya. Mengine waliyatundika juu ya meko, moshi ukayapitia siku zote.

Maarifa hayo hayakuwa upuuzi. Ganda la mhindi likifunika ncha sawasawa humzuia fukusi asiifikie punje. Moshi humfukuza, na joto la moto hukausha punje mpaka zisimfae. Kwa muda adui alipokuwa fukusi, mtu aliyeweka mahindi katika maganda yake alikuwa amefanya vyema.

Alipokuja dumuzi, hekima ile iligeuka mtego. Mdudu huyu hutoboa mti, basi ganda la mhindi ni kitu gani kwake? Tena gunzi humpa mahali pa kujitegemeza. Punje zilizoshikana katika gunzi hazichezi, naye huweza kukaza miguu yake na kutoboa kwa nguvu, akipita toka punje hadi punje bila kutoka nje. Punje zilizopukuchuliwa zikawekwa katika gunia humpa taabu zaidi, kwa kuwa hutikisika anapozisukuma. Kwa hiyo ushauri ulibadilika: mahindi na yakaushwe, yapukuchuliwe upesi, kisha yahifadhiwe yakiwa punje. Kufuata ushauri huo si kuwadharau wazee. Wazee walimjua adui wao, na mkulima wa sasa yampasa amjue wake.

DAWA YA MMOJA SI DAWA YA WOTE

Jambo hilo hilo lilitokea katika dawa za unga. Kuna jamii ya dawa ambayo mojawapo huitwa pirimifosi-methili. Hiyo humwua fukusi vizuri, lakini dumuzi huistahimili. Kuna jamii nyingine ambayo mojawapo huitwa permethrini. Hiyo humwua dumuzi vizuri, lakini kwa fukusi nguvu yake ni haba. Mkulima aliyetumia dawa ya kwanza peke yake aliona fukusi wamekufa, akafurahi, akafunga ghala, na baada ya miezi mitatu akakuta unga.

Kwa sababu hiyo ilitengenezwa dawa yenye jamii zote mbili katika pakiti moja. Mwenye kununua na asome majina yaliyoandikwa, au amwombe Bwana Shamba amsomee, aone kwamba zote mbili zimo. Dawa ipimwe kama karatasi yake inavyosema, ichanganywe na punje vizuri kwa koleo, na muda ulioandikwa upite kabla ya kula. Dawa ya kunyunyizia mimea shambani au ya kuogeshea ng'ombe isitiwe katika chakula asilani. Kuua wadudu na kuwatia watoto sumu si faida.

Yuko pia msaidizi asiyenunuliwa. Huko kwao Amerika ya Kati dumuzi ana adui wake, mbawakawa mwingine mdogo mweusi ambaye hula mayai na mabuu yake, na ambaye huifuata ile ile harufu ya dumuzi dume. Wataalamu walimleta akafunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia kupunguza dumuzi katika baadhi ya sehemu, hasa porini, lakini hakumaliza kazi. Mkulima asikae akimngoja.

KUKAUSHA NDIYO KAZI YA KWANZA

Ijapokuwa adui ni wawili, kazi ya kwanza ni moja, nayo ni kukausha. Mahindi ya kuwekwa ghalani yasizidi maji sehemu 13 katika 100. Katika nchi ya chai jambo hilo ni gumu, lakini huwezekana. Mahindi yatandazwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, yageuzwe mara kwa mara, na yafunikwe mara tu mawingu yanapokusanyika. Penye mashine ya kukaushia ya chama cha wakulima, gharama yake ni ndogo kuliko gunia lililoharibika.

Kuna jaribio jepesi ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya nyumbani. Hutakiwa chupa ya kioo iliyokauka kabisa na chumvi iliyokauka kabisa. Punje hutiwa hadi theluthi ya chupa, ikaongezwa chumvi kidogo, chupa ikafungwa na kutikiswa kwa dakika chache, kisha ikaachwa itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, punje zina maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, nazo zirudishwe juani. Isipogandamana, maji yamepungua chini ya hapo, lakini yafaa kuzianika siku moja au mbili zaidi ndipo zihifadhiwe.

Baada ya kukausha, ghala lisafishwe. Punje za mwaka jana zilizobaki katika nyufa zifagiliwe na kuchomwa, maana humo ndimo wadudu hungojea mavuno mapya. Nguzo ziangaliwe. Nguzo yenye matundu madogo inayomwaga unga wa mti na ibadilishwe, kwani dumuzi huweza kukaa humo ghala likiwa tupu. Mahindi mapya yasichanganywe na ya zamani hata kidogo.

Siku hizi iko pia njia isiyotumia dawa, ambayo ni kumnyima mdudu pumzi. Hutumika mfuko wenye mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida, au pipa la bati lililofungwa barabara. Njia ya mifuko hiyo ilibuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakiwasaidia wakulima wa kunde wa Cameroon katika miaka ya 1980. Punje zilizokauka hutiwa, hewa hukamuliwa, na kila mfuko hufungwa peke yake kwa kamba. Wadudu waliomo huvuta hewa iliyobaki mpaka ikaisha, kisha huacha kula, nao hufa. Njia hii haichagui kati ya fukusi na dumuzi, maana wote wawili huhitaji pumzi. Lakini mfuko usifunguliwe kila siku, wala usiwekwe panapo panya. Na kwa kuwa dumuzi huweza kutoboa plastiki, mifuko ichunguzwe matundu kabla ya kutumiwa tena. Mahindi mabichi pia yasitiwe humo, kwa kuwa yataoza.

KILA NYUMBA NA MLINZI WAKE

Ghala lililofungwa kwa kufuli na kusahauliwa ndilo wadudu walipendalo. Yafaa mtu mmoja wa nyumba apewe kazi ya kulitazama kila baada ya wiki mbili. Kazi yake ni kutia mkono ndani ya gunia, kutoa punje kiganjani na kuzichungua. Akiona unga chini ya gunia asingoje. Mahindi yamwagwe, yapepetwe, yaanikwe, na yatibiwe upya. Wadudu wanaopepetwa wasitupwe uani, kwa kuwa wana mabawa na watarudi jioni hiyo hiyo. Na watupwe motoni au katika maji ya moto.

Kijana aliyesoma aweza kufanya zaidi. Na achukue chupa mbili ndogo, atie fukusi katika moja na dumuzi katika nyingine, aandike majina juu yake, na aziweke dirishani. Jirani akija na gunia lake la kununua, wataweza kulinganisha kwa macho yao badala ya kukisia. Nyumba moja ikitibu mahindi yake na ya jirani isitibu, wadudu watavuka ua usiku. Kazi hii ni ya kijiji kizima.

Mwezi wa Mei ndipo itakapojulikana nani alijua na nani alikisia. Mahindi mapya yatakuwa yangali mabichi shambani, na bei ya gunia sokoni itakuwa imepanda. Mwenye kuyalinda mahindi yake atafungua ghala na kutia mkono katika punje nzima, na fedha yake ya chai italipa karo ya shule. Aliyemwachia fukusi au dumuzi atachukua fedha ile ile kwenda kununua mahindi aliyokwisha kuyalima mara moja kwa jasho lake.